Njia ya Sanya Juu na Haki ya Mwenda kwa Miguu

Msomaji wetu wa Makunduchi au wa Micheweni ana haki ya kutuuliza: gazeti la watu wa visiwani lina shughuli gani na njia ya miguu ya Sanya Juu, mji mdogo ulio katika mteremko wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro, makao makuu ya Wilaya ya Siha, mahali ambapo baridi ya asubuhi humfanya mtu wa pwani atafute koti? Jibu letu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya historia, kwani njia zilizopanda mlimani huko zamani zilianzia katika bandari zetu. Ya pili ni ya leo, nayo ndiyo iliyotusukuma kushika kalamu: yanayoitishia njia ile ndiyo yanayozitishia njia zetu wenyewe za kuteremkia pwani.

Kwanza tuieleze njia yenyewe kwa wale wasioijua. Mtu akitoka Sanya Juu akashika upande wa mashariki, anaweza kwenda kwa miguu akapita Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kirua na Kilema mpaka akafika Marangu, na akibakiwa na pumzi akaendelea Mamba, Mwika na Rombo. Ni mwendo wa siku kadhaa. Katika mwendo huo halazimiki kuteremka kwenye barabara kuu ya lami ipitayo tambarare. Hukaa juu, ndani ya migomba na mibuni, akiwa na msitu upande mmoja na nchi kavu ya chini upande wa pili. Hii si njia moja iliyochorwa na mhandisi. Ni vijia vingi vilivyoungana, kimoja cha kwenda kanisani au msikitini, kingine cha sokoni, kingine cha kisimani, vikipita baina ya nyua za masale, mmea ambao kwa Wachagga huonyesha mpaka wa kihamba na pia huchukuliwa mkononi na mtu anayekwenda kuomba radhi kwa jirani yake. Tena vijia hivyo huruka mifereji, ile ambayo wenyeji huiita mifongo, iliyochimbwa na mababu ili kuyatoa maji ya mito juu mlimani na kuyaleta mashambani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huo wa vihamba, kwa kukitaja Shimbwe Juu katika nchi ya Uru, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia.

Jambo moja la umbo la nchi yafaa lifahamike, maana bila ya hilo mtu atadhani kwamba njia hii ni masalio ya kale yanayofaa kutazamwa tu. Mito ya Kilimanjaro hutoka juu kwenda chini, nayo imechimba makorongo marefu. Kikafu na Weruweru ni mifano inayojulikana. Barabara za magari nazo hufuata migongo iliyo baina ya makorongo hayo, kutoka barabara kuu kupanda hadi karibu na msitu. Kwa hiyo mwenye gari anayetaka kutoka mgongo mmoja kwenda wa pili, ambao pengine anauona kwa macho na kusikia kengele yake, aghalabu hana budi kuteremka mpaka chini tambarare na kupanda tena. Mwenda kwa miguu hukata korongo. Hii ndiyo sababu njia ya miguu haikufa Uchaggani lilipokuja gari, na ndiyo sababu mpaka leo mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani, mtoto wa skuli, na jamaa waendao mazikoni ndio wenye njia. Upande wa Sanya Juu huongezeka Wamasai wanaoleta mifugo na magadi kutoka nyanda za chini. Biashara hiyo ya watu wa ng'ombe na watu wa ndizi ni ya kale kuliko serikali zote zilizopata kutawala huko.

Sasa turudi kwenye historia tuliyoitaja. Mmisionari Johannes Rebmann, ambaye mwezi Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro na kuandika habari ambazo wataalamu wa Ulaya walizikataa kwa miaka, hakujiongoza mwenyewe. Aliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani, bingwa wa misafara. Vitabu humtaja Rebmann kwa herufi kubwa na Bwana Kheri kwa mstari mmoja, lakini mwenye kujua wapi pana maji na mangi gani anataka zawadi gani alikuwa Bwana Kheri. Kutoka Pangani misafara ilifuata bonde la mto Ruvu. Kutoka Mombasa ilipitia Taveta. Ilipanda na nguo za merikani, shanga, bunduki na baruti. Iliteremka na pembe za ndovu, na iliteremka pia na wanadamu. Hilo la mwisho hatulifichi. Vita vya wakuu wa Kilimanjaro vilizaa mateka, mateka wakapata mnunuzi, na mnunuzi alikuwa na ndugu yake Unguja, kwenye soko la Mkunazini lililofungwa mwaka 1873. Pembe mbili za ndovu kubwa kuliko zote zinazojulikana, kila moja ikiwa na uzito wa karibu kilo 100, zilitoka Kilimanjaro zikauzwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, na leo zimo katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya London. Mtu hawezi kuzitazama bila ya kujiuliza zilibebwa na mabega ya nani.

Katika mwaka 1885 Sayyid Barghash alimtuma Jenerali Mathews apande Kilimanjaro na bendera ya Zanzibar ili wakuu wa huko waikubali. Wakaikubali. Mwaka huo huo akafika Mjerumani, Jühlke, na karatasi zake, na Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, akaweka alama yake pia kwa huyo. Wengine humcheka Rindi kwa hilo. Sisi hatumcheki, alikuwa mtu wa siasa aliyedhani kwamba ahadi kwa wageni wawili ni ngao mbili. Mwaka uliofuata, 1886, Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakachora mpaka, na mlima ukaangukia kwa Wajerumani, bila ya kuulizwa Rindi wala Barghash.

Wajerumani walipokwisha kupata karatasi walikuja kutaka nchi. Mwaka 1891 walilivunja boma la Mangi Sina wa Kibosho. Mwaka 1892 Mangi Meli, mwana wa Rindi, aliwapiga; mwaka 1893 wakarudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900, hapo Old Moshi, wakawanyonga watu 19, wakuu na washauri wao, kwa tuhuma ya kula njama. Miongoni mwao walikuwamo Meli wa Moshi, Molelia wa Kibosho, na Ngalami wa Siha, yaani mkuu wa nchi hii hii ya Sanya Juu tunayoizungumzia. Atakayetembea kutoka Siha mpaka Old Moshi atakuwa anakwenda kutoka kwa Ngalami mpaka mahali alipofia. Habari hiyo bado haijafungwa: mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa kutoka Kilimanjaro wakati wa ukoloni yamelinganishwa kwa vipimo vya vinasaba na jamaa walio hai, na koo zilizosubiri zaidi ya miaka mia zikapata jibu la kwanza. Kwa watu kama hawa, njia inayopita mbele ya nyumba ni kumbukumbu ya kifamilia kabla ya kuwa kivutio cha mgeni.

Lakini hoja yetu ya leo haipo hasa kwenye kunyonga. Ipo kwenye ardhi, na hapa Sanya Juu ndiyo yenye somo kuliko mahali pengine pote mlimani.

Nchi iliyo baina ya Kilimanjaro na Meru, ambayo Waingereza waliiita ujia wa Sanya, ilikuwa nchi ya kupita. Wamasai walipita na ng'ombe, Wameru walipita, Wachagga wa Siha walipita. Walowezi wa Kijerumani na Makaburu walijikatia mashamba hapo mapema katika karne ya 20, na Waingereza walipochukua utawala wakayauza upya mengi ya mashamba hayo kwa walowezi wengine. Kisha ikaja tume ya Jaji Mark Wilson, ambayo taarifa yake ya mwaka 1947 ilipendekeza kwamba ujia huo uwe eneo moja la Wazungu lisilochanganyika na wenyeji. Mwezi Novemba 1951 ikafuata kazi yenyewe: Wameru wa Engare Nanyuki, yapata watu 3,000, waliondolewa kwa nguvu, nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakurudishiwa ardhi siku ile, lakini nchi nzima ilisikia, na wengi wa waliokuja kuijenga TANU miaka miwili baadaye waliikumbuka kesi hiyo.

Tunaitaja kwa sababu hoja ya Serikali ya kikoloni haikuwa kwamba Wameru hawakaipita wala hawakuilima nchi ile. Ilijua kwamba waliipita na kuilima. Hoja yake ilikuwa kwamba hawana karatasi inayoshinda karatasi ya mwingine.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na una uchungu wake hata sasa. Mwaka 1941 palitengwa ukanda wa nusu maili kwenye ukingo wa chini wa msitu wa Kilimanjaro, ili wananchi wapate humo kuni, majani ya mifugo na mbao chini ya usimamizi wa wenyeji wenyewe. Mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa ikauchukua msitu wote, na nusu maili ikiwamo. Hatusemi kwamba msitu haukuhitaji kulindwa. Ulikuwa unakatwa, na maji ya Moshi na ya nyanda za chini hutoka humo. Tunasema kwamba mwanamke wa kijijini aliyekuwa akiingia kwa desturi akajikuta siku moja anaingia kwa ruhusa, na mvutano uliotokana na hilo umewachosha wakubwa wa wilaya mmoja baada ya mwingine. Desturi iliyokuwa haikuandikwa vizuri iliposhindana na mpaka ulioandikwa vizuri, kila mtu alijua mapema nani atashinda.

Sasa tuiangalie njia ya vihamba kwa macho hayo. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,861,934 katika sensa ya mwaka 2022. Zanzibar ilikuwa na 1,889,773. Tofauti ni ndogo, na msomaji wa Unguja Mjini anajua watu wengi hivyo hufanya nini kwa ardhi. Kihamba kimegawanywa kwa wana, wana wamegawanya kwa wajukuu, na mjukuu aliyefanikiwa Dar es Salaam anaporudi kujenga nyumba ya Krismasi, ua wa masale huondoka na ukuta wa matofali husimama. Ua wa masale una mwanya, ukuta hauna. Mwenye ukuta hana nia mbaya. Ana kiwanja chenye hati, na katika hati yake hakuna mstari unaosema kwamba hapa hupita watu.

Kuna kitu kinachotuchekesha kidogo na kutusikitisha zaidi. Upande wa kaskazini-magharibi wa mlima, mbele ya Siha, upo ushoroba wa Kitendeni, ambamo tembo hupita kutoka msitu wa Kilimanjaro kwenda Amboseli nchini Kenya. Ushoroba huo unatajwa katika mipango, unalindwa, unapigiwa kelele na wataalamu kila unapobanwa na mashamba, na ni haki wafanye hivyo. Tembo amepata mtu wa kumwandikia njia yake. Mtoto wa skuli anayevuka korongo juu ya magogo mawili yanayoteleza bado hajampata.

Njia za kisheria zipo. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, kwa upande wa Bara, inaruhusu kuwekwa haki ya njia kwa manufaa ya jumuiya; na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huo huo, imeipa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji madaraka juu ya matumizi ya ardhi. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanza mwaka 2017, una shughuli ya kutosha na barabara za magari, na hatuoni kwamba utajitwika vijia bila ya kuambiwa. Kwa hiyo madai yetu ya kwanza si mabango ya rangi wala jina zuri la Kiingereza. Ni kwamba Halmashauri za Siha, Hai, Moshi na Rombo ziiandike njia hii kipande kwa kipande, kijiji kwa kijiji, iwe ya umma kisheria kabla hajaitwa mtalii hata mmoja.

Kuhusu mtalii, hatumkatai. Makumi ya maelfu ya watu huja kila mwaka kupanda Kilimanjaro, na wengi wao hushukia kwetu baadaye kupumzisha magoti yao katika mchanga. Wanaoelekea lango la Londorosi hupita Siha ndani ya gari, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi, na wanaoelekea lango la Machame hupita Machame vivyo hivyo. Kijiji huwaona kama mtu anavyoiona ndege. Mgeni anayetembea, anayelala kwa mwenye nyumba, anayenunua kikombe cha kahawa kwa aliyeipanda, huacha fedha pale alipokanyaga. Mpango wa utalii wa kiutamaduni ulioanzishwa huko Kaskazini katika miaka ya 1990 umekwisha kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana Marangu na Machame. Kilichokosekana ni uzi wa kuviunganisha vijiji.

Wengine duniani wameshughulika na mambo haya kabla yetu. Njia ya mahujaji ya Santiago huko Hispania ilifufuliwa katika robo ya mwisho ya karne ya 20, na vijiji vilivyokuwa vikihamwa vikapata tena watu wa kuwauzia mkate. Nchi sita za Amerika ya Kusini ziliungana mwaka 2014 kuiingiza katika Urithi wa Dunia barabara ya kale ya Wainka, ambayo sehemu zake bado hutumiwa na wakulima. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1949, iliziagiza serikali za mitaa zichore ramani ya kila njia ya miguu ya umma, na kijia kilichomo katika ramani hiyo hakifungwi kwa kuwa shamba limebadili mwenyewe. Kati ya mifano hiyo mitatu sisi tunaupenda zaidi wa mwisho, ijapokuwa ndio usio na picha nzuri. Kwetu hapa, njia ya watumwa na pembe kutoka Bagamoyo hadi Ujiji imo katika orodha ya kusubiri ya Urithi wa Dunia tangu 2006. Orodha ni jambo la heshima. Lakini miembe iliyopandwa kando ya njia hiyo haiisomi orodha inapokatwa.

Hapa tunarudi nyumbani. Ardhi si jambo la Muungano, wala utalii si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 na ina mahoteli yake. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, wanawake waliolima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wavuvi waliokuwa wakiteremka na mishipi kabla ya hapo, wanajua maana ya kuzunguka ukuta mrefu ili kuifikia bahari iliyo nyuma yake. Njia ya baba zao ilikuwa wazi, na kwa kuwa ilikuwa wazi hapana aliyeona haja ya kuiandika. Pemba bado ina nafasi ya kufanya vingine, kwani ujenzi wa mahoteli huko haujafikia ule wa Unguja. Tunawaomba Wawakilishi wa majimbo ya pwani wasisubiri mpaka wapate malalamiko ya kutosha kujaza faili.

Tunajua majibu tutakayopewa. Tutaambiwa kwamba njia ya umma itampunguzia mtu kihamba chake. Lakini kijia cha hatua mbili hakimpunguzii mtu kitu ambacho babu yake hakukitoa zamani, na pale ambapo njia itabidi ipanuliwe, mwenye ardhi alipwe fidia kama anavyolipwa wa barabara. Tutaambiwa kwamba fedha hakuna. Nasi tunakubali kwamba madaraja ya miguu ya Kikafu na Weruweru yatataka saruji, chuma na mhandisi, wala hatupendi kuona bango la kumkaribisha mgeni limesimama pahala ambapo bado hapana daraja la mwenyeji. Tutaambiwa pia kwamba wageni wataleta tabia mbaya vijijini. Hilo ni la kweli kwa kiasi, nasi wa visiwani tunaweza kulishuhudia, na ndiyo sababu mkutano wa kijiji ndio unaopaswa kuamua nani apite lini, nani alale wapi na ada iende mfuko gani. Kwa upande wa msitu, njia ipite chini ya mpaka wa Hifadhi, ndani ya vihamba, ili isiangukie katika mvutano wa nusu maili wala mwanakijiji asije akatakiwa tikiti kwa kwenda kwa shangazi yake.

Kazi ya kuanzia haihitaji mfadhili. Mifongo ya Uchaggani ilichimbwa na kutunzwa kwa siku za kazi zilizogawanywa baina ya wenye kutumia maji, na asiyetokea alitozwa; watu wenye desturi hiyo hawafundishwi kusafisha njia. Kila kijiji kitoe wazee wawili wanaojua njia ilipita wapi kabla ya ukuta wa mwisho kujengwa, kijana mmoja mwenye daftari na simu yenye kuonyesha mahali alipo, na mtendaji wa kijiji awe pamoja nao. Watembee mpaka kwenye korongo la jirani, wakabidhiane na wenzao wa ng'ambo, na walichoandika kisomwe mbele ya mkutano wa kijiji ili mwenye pingamizi aseme. Wa kwanza waanzie sokoni Sanya Juu, kabla ya mvua za masika, wakati makorongo bado yanavukika. Na mashamize yetu ya mfano huo huku kwetu, yaani sheha, mzee wa dago na mwanamke mmoja mlima mwani, waanzie Paje.